Mlio Chini ya Sauti ya Kabula

Alhamisi, 10 Julai

Nimemlisha mume wangu Saidi uji, nimemgeuza ubavu, nimemwachia redio ndogo karibu na mto. Saa mbili nikawasha gari. Leo matangazo ya mjini tu: mnada wa mitumba, na mtu aliyepoteza mkoba wenye vyeti vya shule. Tumezunguka Kanyenye, tukapita Kitete, tukarudi sokoni.

Mlio bado upo. Una mwezi sasa. Mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Uko ndani ya spika za honi zilizo juu ya paa, si kwenye injini. Hilo nina hakika nalo. Nikizima amplifaya mbu anakufa papo hapo, injini inaendelea kunguruma kama kawaida.

Vyombo vyote alivifunga Saidi mwenyewe. Redio, kiboksi cha maiki chini ya dashibodi, amplifaya chini ya kiti cha nyuma, honi mbili juu. Angekuwa na ulimi angeniambia waya upi unakwenda wapi. Kiharusi kilimpata Machi. Mkono wa kulia na maneno vikaondoka pamoja. Anasikia kila kitu. Hajibu chochote.

Mke mwenzangu ndiye anayesema kwenye maiki. Mimi naendesha. Miezi minne tunakaa kiti kwa kiti na hatuzungumzi zaidi ya "geuka hapa" na "simama". Simpendi. Nimeliandika, basi. Ana sauti nzuri. Na hilo niliandike.

Nashona nguo mwaka wa thelathini huu. Cherehani ikibadilisha mlio situlii mpaka nijue sababu. Kwa nini hili la gari nimeliacha mwezi mzima? Uvivu? Au kwa sababu ni kazi ya mikono ya Saidi, na kuifungua ni kama kukubali kwamba yeye hataifungua tena.

Jumamosi, 12 Julai

Safari ya upande wa Bukene. Vijiji vinne, vumbi mpaka kwenye meno.

Kazi ya bwana mifugo: chanjo ya mdondo kwa kuku wote, siku ya Jumatano, ofisi ya kijiji, saa moja asubuhi. Kila kuku tone moja jichoni. Chanjo inaletwa kwenye deli la barafu na chupa ikishafunguliwa haiwekwi. Kwa hiyo siku ndiyo kila kitu.

Mwenzangu ni wa huku. Mama yake anaishi kijiji cha tatu. Anatangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, na siku anazitaja kwa Kiswahili katika lugha zote mbili, kama watu wote wa huku. Barabara mbovu. Gia ya pili muda wote, injini juu, mbu juu.

Mahali penye mteremko nilijaribu kitu. Nikatoa gia, gari likateremka lenyewe. Mlio ukashuka na sauti yake ikatoka safi, kila herufi mahali pake. Nikaingiza gia. Mbu akarudi. Ajabu hii. Injini inaingiaje kuimba ndani ya spika? Nani kaifungulia mlango?

Pale mteremkoni niliona naye ameinua kichwa. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Jumatatu, 14 Julai

Aibu kubwa.

Bwana mifugo kapiga simu asubuhi. Ofisi ya kijiji imejaa watu na kuku wao. Leo, Jumatatu. Kuku kwenye matenga, kuku kwenye baiskeli, kuku wamefungwa miguu. Chanjo haipo. Deli liko Nzega. Mama mmoja ametembea tangu alfajiri na kuku kumi na mmoja kwenye tenga kichwani, mmoja kafia njiani kwa kubanana. Wote wanasema gari lilitangaza Jumatatu.

"Mama Rehema, karatasi niliyowapa inasema Jumatano," akaniambia. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikaenda Kanyenye moja kwa moja, kwenye chumba ambacho Saidi alimpangia mwenzangu. Sikubisha hodi inavyotakiwa. Nilisema nikiwa mlangoni, wapangaji wenzake wako uani wanafua. Nilisema Kiswahili chake ni cha porini. Nilisema mtu asiyeweza kutofautisha tatu na tano asishike maiki ya watu. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki.

Aliingia ndani, akarudi na maiki imefungwa kwenye kitambaa kisafi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akafunga mlango taratibu.

Njiani nilijiona nimeshinda. Sasa ni alasiri na sijisikii mshindi.

Jumanne, 15 Julai

Fundi wa gereji ya barabara ya juu kasikiliza dakika moja. "Altaneta hiyo, mama. Badilisha." Nikamuuliza, altaneta si ndiyo inayojaza betri, ikiwa mbovu mbona betri inajaa na taa hazififii? Akasema magari ndivyo yalivyo. Mtu anayetaka kubadilisha cherehani nzima kwa sababu uzi unakatika, simwamini.

Nikaamua kupima mwenyewe. Niseme ukweli: nilitaka kuthibitisha kwamba kosa ni la mwenzangu, ili nitulie.

Jirani yetu Mwalimu Yakobo amestaafu lakini masikio yake ni ya kijana. Nikampa daftari na penseli, akaenda kusimama hatua mia moja kutoka kwenye gari. Nilizihesabu. Niliandika orodha ya Jumatatu na Jumatano ishirini, nimezichanganya ovyo. Zoezi la kwanza, injini imezimwa. Nikasoma, yeye akaandika. Kapata zote.

Zoezi la pili, injini inawaka, mguu kwenye mafuta kama niko gia ya pili. Orodha nyingine. Sauti yangu, Kiswahili changu cha hapa mjini ambacho hajatokea mtu wa kukicheka.

Kakosa nane.

Nikarudia polepole, natenganisha silabi kama namfundisha mtoto. Kakosa saba.

"Mama Rehema," akasema Mwalimu, akirudi na daftari lake, "kuna kitu kinakula mwisho wa neno. Nasikia Juma, nasikia ta, halafu nasikia mbu."

Nimeangalia lile daftari mpaka chai imepoa. Jumatano yangu mwenyewe, kinywani mwangu mwenyewe, imeandikwa Jumatatu. Basi hakuna pori hapa. Nimemtukana mtu mbele ya jirani zake kwa kosa la waya.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya chanjo yenyewe. Wamekuja wachache, waliofunga safari Jumatatu wamekasirika. Bwana mifugo atarudia Jumatano ijayo, tarehe 23. "Gari lenu likiwa halisikiki, nitachukua la Nzega." Hana ubaya. Kuku wakianza kufa na mdondo hawafi wawili watatu, hufa kijiji kizima, na huku kuku ndiye ada ya mtoto na mboga ya mgeni.

Gari la Nzega likishaingia, halitoki. Nalijua hilo.

Sijaenda Kanyenye. Nimeshona magauni mawili yasiyo na haraka. Woga tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda. Nimebisha hodi mara tatu.

Begi lilikuwa juu ya kitanda, wazi, kanga zimekunjwa ndani. Anakwenda kwa mama yake Jumapili. Hakusema atarudi lini, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Nikamweleza yote. Zoezi la Mwalimu Yakobo, hatua mia, makosa nane kwa sauti yangu. Nikamwomba radhi. Nilisema kwa sauti ya kufika uani, kwa sababu matusi yalifika uani.

Akakunja tena kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Kisha:

"Dada, ule mlio niliusikia kabla yako. Maiki iko mdomoni mwangu. Juzi pale mteremkoni nilitaka kukuambia."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema natafuta kisingizio."

Kweli ningesema hivyo hivyo.

"Na jingine," akasema. "Miaka tisa hujaniita jina."

Hana mtoto, kwa hiyo hata "mama fulani" sikuwa nayo ya kumwitia. Akiwapo nilisema "wewe". Asipokuwapo, "yule wa Kanyenye". Nilidhani ni heshima yangu ninailinda. Ilikuwa uchoyo. Jina la mtu halinigharimu kitu na nimemnyima miaka tisa.

"Njoo tuutafute huo mlio, Kabula," nikasema. Limetoka kwa shida, kama uzi mnene kwenye tundu la sindano.

Hakutabasamu. Kasema atakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Begi lilibaki wazi juu ya kitanda.

Ijumaa, 18 Julai

Nimejifunza jambo moja kubwa: kazi hii haiwezekani na mtu mmoja. Mmoja akanyage mafuta, mwingine asikilize. Mwezi mzima nilikuwa nataka niwe kote kote.

Kabula alilala kifudifudi nyuma, kichwa karibu na amplifaya. Mimi kwenye mafuta. Akachomoa waya wa sauti, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe unaotoka mbele. Kimya. Akaurudisha. Mbu. Akachomoa. Kimya. Tumerudia mara sita kama watoto na swichi ya taa.

Kisha likaja wazo lake. Akachomeka simu yake kwenye amplifaya moja kwa moja, akapiga kaswida. Injini inanguruma, kaswida safi kabisa, hakuna hata unyoya wa mlio.

Nimekaa nikafikiri. Kama simu inasikika safi, basi amplifaya ni nzima, honi ni nzima, na altaneta haina kesi. Mlio unaingia mbele, kwenye redio au kiboksi cha maiki. Au unaingia njiani. Nimechora yote nyuma ya ukurasa wa vipimo vya bibi harusi. Mishale mpaka kwenye kiuno chake.

Furaha ya ajabu. Sijaipata tangu Machi.

Saidi alisikia kutoka chumbani, akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Nikaenda. Uso umekasirika. Nadhani hataki gari lake liguswe. Nikamwambia tunatafuta mlio, mimi na Kabula. Akageukia ukutani. Imeniuma. Nikarudi kwenye gari hivyo hivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi dukani kwa Bi Shirin, sote wawili. Anauza vifaa vya umeme pale babu yake alipokuwa akiuza vitambaa, na bado anapima waya kwa mkono, kutoka kidoleni mpaka begani. Nilimwona anatutazama mimi na Kabula tumeingia pamoja. Mji mzima unajua habari zetu. Hakuuliza. Kakaribisha.

Ana kichujio cha kuchomeka kwenye waya wa sauti, kinaua milio. Nikakishika mkononi. Akakichukua mkononi mwangu, akakirudisha kabatini.

"Hiki kitauficha mlio, hakitauondoa," akasema. "Na kitakula sauti ya huyu bibi. Kwanza tafuteni unakoingilia."

Akatueleza. Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ya kurudi ni bodi ya gari lenyewe, kila chombo kina waya wake wa kukifunga kwenye bodi. Mafundi wanauita ethi. Chombo cha mbele kikiwa na ethi yake mbele na cha nyuma kina yake nyuma, halafu mojawapo ikaoza, umeme unajitafutia njia nyingine ya kurudi: unapita kwenye waya wa sauti. Na unapita umebeba wimbo wa altaneta.

Ndiyo maana injini inaimba! Haikuvunja mlango. Tumeifungulia dirisha.

Tuliporudi, kwanza tulitandika waya mpya wa sauti juu ya viti, mbali na waya mnene wa betri. Mlio ukapungua kidogo tu. Moyo ukashuka. Kisha Kabula akaenda kuazima betri ya pikipiki kwa jirani wa bodaboda. Tukakichomoa kiboksi cha maiki kwenye umeme wa gari, tukakiwasha kwa betri ile, peke yake, miguuni pangu. Nikakanyaga mafuta.

Kabula akasema "Jumatano."

Basi. Jumatano tupu. Hakuna kitu chini yake.

Tumecheka mpaka Mwalimu Yakobo akachungulia juu ya ukuta. Kwa hiyo ni kiboksi. Ni ethi ya kiboksi.

Jumapili, 20 Julai

Leo ndiyo Jumapili ya safari yake. Saa tatu asubuhi yuko mlangoni kwangu na bisibisi. Sikumuuliza habari za begi.

Tumefungua dashibodi. Kazi ya Saidi nzuri, imefungwa kwa utepe kila baada ya kiganja, inapendeza macho. Isipokuwa moja. Ethi ya kiboksi ameifunga kwenye kipande cha bati kilichopakwa rangi, na chini ya bolti kutu imejaa kama unga wa mtama. Ilikuwa sawa wakati ule. Mvua mbili tatu zimepenya kwenye kioo, ikaharibika kidogo kidogo. Hakuna aliyekosea. Nimejikuta nimefurahi kuona kwamba hakukosea.

Kisha nikakosea mimi. Bwana fundi yeyote angeondoa kwanza waya wa betri. Sikuondoa. Spana ikagusa umeme upande huu na bati upande ule. Cheche. Harufu ya plastiki. Kila kitu kimya: redio, kiboksi, amplifaya, honi. Taa ya amplifaya haiwaki.

Nimekaa kwenye kiti cha dereva nikalia. Siku mbili kabla ya kutangaza, nimeunguza kazi ya mikono yake yote. Kabula hakuniambia "pole" wala hakuniambia "si kitu". Alianza kufuata waya mwekundu kwa kidole, kutoka nyuma mpaka kwenye boneti, kama mtu anayefuata pindo lililofumuka. Akakuta fyuzi kubwa karibu na betri. Akaitoa, akaiinua juani. Uzi wa ndani umekatika.

"Labda ni hii tu, dada."

Labda. Duka limefungwa mpaka kesho.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikuwa mlangoni kwa Bi Shirin kabla hajafungua. Fyuzi, waya wa ethi mnene wenye urefu wa gari zima, na msasa.

Fyuzi kwanza. Nikaifunga, nikafumba macho, Kabula akawasha. Taa ya amplifaya kijani. Alhamdulillahi. Nimesema kwa sauti.

Safari hii tukaondoa waya wa betri. Hatukufunga tena mbele. Tumepitisha waya mpya kutoka kwenye kiboksi chini ya zulia, upande wa pili usio na waya mnene, mpaka kwenye bolti ile ile ya amplifaya. Redio nayo tukaileta hapo hapo. Vyombo vyote njia moja ya kurudi. Kabula alisugua bati mpaka likang'aa, nikakaza bolti mpaka mkono ukatetemeka.

Kabla ya kuwasha nilisikia ubao wa kitanda unagongwa tena. Kabula akasema, "Tumtoe nje." Sikuwahi kulifikiria hilo. Miezi minne namficha ndani kana kwamba ugonjwa ni uchi. Tumembeba na kiti chake, yeye kwapa la kulia, mimi la kushoto, tukamweka karibu na gari.

Ameangalia waya mpya. Ameangalia bolti. Akanyoosha mkono wa kushoto, akauvuta waya kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya zamani kupima kazi ya mtu. Haukutoka. Akauacha.

Sasa nadhani Ijumaa hakukasirika kwa sababu gari linaguswa. Alikasirika kwa sababu linaguswa yeye akiwa ndani.

Injini. Mafuta. Mwalimu Yakobo hatua mia, daftari jipya. Kabula akasoma orodha, mguu wangu kwenye mafuta kama niko gia ya pili, injini juu kabisa.

Zote ishirini.

Jumanne, 22 Julai

Vijiji vinne. Saidi amebaki na Mwalimu Yakobo na mkewe. Kabula kwenye maiki tangu asubuhi. Nimesikia kwa mara ya kwanza jinsi anavyofanya: Jumatano haisemi, anaiweka chini kama mtu anayetua mtungi. Watu wanatoka kwenye mashamba ya viazi kuja barabarani. Wengine wametukunjia nyuso. Hawajasahau.

Katika kijiji cha tatu nilisimamisha gari, nikamwomba maiki. Sijawahi kusema humo mbele ya watu. Nilisema wiki iliyopita gari letu liliharibika na likala maneno, na kwamba aliyetangaza alitangaza sawasawa. Nilisema mimi ndiye dereva na mwenye gari, na lawama ni yangu. Nikajaribu kulirudia kwa Kinyamwezi changu cha sokoni. Watoto waliangua kicheko, na wanawake nyuma yao. Kabula aligeuza uso dirishani, mabega yanatikisika. Wacha wacheke.

Mama aliyefiwa na kuku tumemtafuta. Anaitwa Mama Shija. Nilimletea tetea wangu mwekundu anayetaga. Akampapasa kifua, akamwinua bawa, akamkagua kama mnunuzi mkali. "Huyu ni mkubwa kuliko wangu," akasema. Nikamwambia basi atamzoea. Akatupa maji ya kunywa.

Tumelala kwa mama yake Kabula. Nilimpa shikamoo ingawa hanizidi miaka mingi. Akaitika marahaba, akanitazama kwa kitambo. Ananijua kwa habari tu, na habari zenyewe si nzuri. Kisha akasogea kwenye mkeka.

Jumatano, 23 Julai

Walikuja. Matenga, baiskeli, watoto na majogoo kwapani. Foleni imezunguka ofisi mara mbili. Kila kuku tone moja, anapepesa, anatupwa chini, anaondoka amekasirika. Deli likaisha kabla ya adhuhuri, bwana mifugo akapiga simu liletwe jingine. Akaja mpaka kwenye dirisha langu. Kasema kuna kazi nyingine mwezi ujao, vijiji tisa.

Mama Shija alikuwa kwenye foleni na kuku kumi na mmoja. Alinyanyua tetea mwekundu nimwone.

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi peke yangu. Jana jioni Kabula aliniambia angependa kukaa na mama yake kidogo. Aliniambia tukiwa tumekaa jikoni, tunachambua maharage, akiangalia maharage. Nikamwambia akae. Sikusema kazi ya mwezi ujao, ingawa ilikuwa mdomoni. Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Maiki aliiacha mahali pake, kwenye ndoano.

Barabara nzima sikuwasha kitu. Gari lina sauti nyingi nilizokuwa sizisikii. Mlango wa nyuma unagonga. Kiti cha abiria kinalia kikiwa hakina mtu. Upepo unaimba kwenye honi.

Saidi alikuwa ameshatolewa nje, Mwalimu Yakobo na mkewe wamemweka kivulini. Nikamwosha, nikamlisha. Kisha nikamweleza yote, tangu mwanzo. Na yale niliyoyasema Kanyenye mlangoni, nikamwambia hayo pia, neno kwa neno, hata ambayo sikuyaandika humu. Alisikiliza. Alifumba macho pale palipostahili.

Nikamwambia, "Kabula yuko kwa mama yake. Hakusema siku."

Akageuza shingo, polepole, akaangalia upande wa lango.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Nami nikaangalia huko.